Hija ya siku moja kutoka Mombasa hadi Bura Misheni, Milima ya Taita

Hija ya Bura ikiharibika, mara nyingi huharibikia kwenye saa. Mlima wenyewe haumshindi mtu aliyepumzika. Humshinda aliyefika saa tano jua likiwa kali. Kwa hiyo panga saa kwanza, mengine yafuate.

Basi liondoke mjini saa kumi na nusu alfajiri. Watangazieni watu saa kumi kamili, mkutane mahali penye taa na mlinzi, kama nje ya Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu. Wa Likoni walale kwa jamaa upande wa kisiwani, maana feri haimngoji mtu na basi lisimngoje pia. Mkivuka Mazeras na Mariakani kabla malori hayajajaa barabarani, Voi mtafika mnamo saa moja na nusu. Ni kama kilomita 150. Hapo chai, choo, dakika arubaini tu. Kisha shikeni barabara ya Taveta, mpite Mwatate na mashamba yake ya mkonge, na saa tatu muwe Bura.

Wengine hupenda wazo la SGR, treni ya reli mpya, kwa sababu nauli ni nafuu. Treni inayosimama Voi huondoka Miritini asubuhi, na ile ya kurudi Mombasa hupita Voi mchana. Haiwezekani kusali, kula na kuiwahi. Kodini basi.

Bura ni misheni ya mwaka 1892, iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu, wale wale walioanzisha misheni ya Mombasa. Ni parokia hai yenye Misa, mazishi na arusi zake. Mwandikieni paroko wiki tatu kabla: tarehe, idadi ya watu, kama mnakuja na padri wenu, mnaomba Misa saa ngapi, mtakula wapi. Ombeni pia mwenyeji wa kuwaongoza mlimani. Njia za Taita hupita kwenye mashamba ya watu, na msafara wa watu hamsini ukikosea njia hukanyaga mahindi ya mtu.

Tarehe nzuri ni Jumamosi za mwanzo wa Kwaresima, kabla masika haijashika. Mvua ikinyesha, udongo wa Taita huteleza kama sabuni, na anayeanguka huanguka wakati wa kushuka. Ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo, pigeni simu muulize hali ya barabara kabla ya kulipa basi.

Njia ya Msalaba ianze saa tatu na nusu. Tengenezeni msalaba mwepesi wa mbao, urefu wa mita moja na nusu. Mzito huonekana mzuri kanisani, lakini ukifika kituo cha nne hakuna anayeutaka begani. Andikeni namba za vituo 14 kwenye makaratasi, muyatie kwenye plastiki, na vijana wawili watangulie kuyatundika. Kila kituo kipewe dakika saba, kusali na kutembea pamoja: jumla ni dakika 98. Kinachokula muda ni nyimbo. Ubeti mmoja kati ya kituo na kituo unatosha. Kwaya ikiimba beti zote tano, mtasalia kituo cha kumi saa sita. Anayeongoza sala akae katikati ya msafara, wala asikae mbele, ama sivyo wa nyuma watasikia upepo tu.

Wazee wasipande wote. Wenye magoti mabovu wabaki chini na katekista mmoja, wafanye vituo vile vile kwa wakati ule ule. Waambieni mapema, Mombasa, kwa heshima. Bibi akiambiwa abaki wakati wenzake wameshaanza kupanda ataona amefukuzwa.

Maungamo yamalizeni nyumbani wiki hiyo. Watu hamsini, dakika tatu kila mmoja, padri mmoja: ni saa mbili na nusu, na siku haina nafasi hiyo.

Misa ikiwa nje, chukueni siborio (chombo cha hostia) yenye kifuniko na mishumaa ya kwenye vioo. Upepo wa huko hupeperusha hostia kabla padri hajanyoosha mkono.

Chakula kiliwe baada ya Misa, saa saba. Wali wa nazi uliopikwa usiku na kufunikwa ungali moto huwa umechacha ukifika mezani. Sufuria ukiifunua unasikia harufu kali na punje zina utelezi. Usile, wala usiuonje. Bebeni chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi, au agizeni chakula kipikwe Mwatate asubuhi ile ile. Maji ni lita mbili kwa mtu: kwa watu hamsini, madumu matano ya lita ishirini. Kila mtu awe na leso au sweta, maana ukungu hushuka ghafla na jasho likikupoa mgongoni unatetemeka.

Saa nane na nusu mwondoke, hata kama kuna wanaonunua mboga. Hesabuni watu wakiwa wamekaa vitini, kwa majina, mara mbili: Bura, na tena Voi baada ya choo.