Kumwekea ndugu dhamana Tanga mjini

Ndugu akikamatwa, tuseme Makorora, na kupelekwa kituo cha polisi Chumbageni, anza kwa kuuliza mambo mawili: kosa gani, na saa ngapi alikamatwa. Polisi wana saa 24 za kumfikisha mahakamani au kumpa dhamana, na dhamana haiuzwi. Ukiombwa hela ya kuifungua, omba kuonana na mkuu wa kituo.

Mdhamini aje na kitambulisho cha NIDA, picha za pasipoti na barua ya mtendaji wa mtaa. Hapo ndipo wengi hurudishwa: picha haina mhuri, au jina kwenye barua ni Mwanahawa na kwenye kitambulisho ni Hawa. Soma herufi kwa herufi kabla hujatoka ofisini kwa mtendaji.

Kama kesi inahusu mali inayozidi shilingi milioni 10, masharti hubadilika. Nusu huwekwa taslimu au kwa hati ya mali isiyohamishika, nusu inayobaki husainiwa bondi, yaani ahadi ya maandishi ya kulipa mshtakiwa asipofika. Kwa mali ya milioni 14, andaa 7. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha havina dhamana. Usipoteze nauli ya mdhamini.

Tangu marekebisho ya 2022, kesi za kawaida hazifunguliwi mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Mkiambiwa "upelelezi bado" kwa kosa dogo, mwombeni hakimu aliandike hilo.

Mdhamini ahesabu tarehe za kesi kama zake. Mshtakiwa akitoroka, bondi hulipwa na aliyesaini.