Kabla ya Kurekodi Nyumbani, Pima Chumba Kwanza

Kabla hujaulizia bei ya maiki, simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mfupi unaotetemeka nyuma ya kofi, hizo ni kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti. Maiki ya bei kali itaunasa mlio huo vizuri zaidi, basi.

Halafu chukua futi kamba. Kwa joto letu la pwani sauti hukimbia hewani karibu mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo chumba cha mita 3 ukuta hadi ukuta hulivimbisha wimbi la mita 6, yaani mitetemo 57 au 58 kwa sekunde. Hapo ndipo besi inapokaa. Noti moja itanguruma, jirani yake itafifia, na mpigaji atalaumiwa bure. Godoro au mablanketi ukutani hutuliza matoazi na ile "s" ya mwimbaji. Wimbi la mita 6 halijali unene wa sentimita 10. (Trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani, ziachie mayai.) Kilicho bure ni kuhamisha kiti chako cha kusikilizia: katikati ya kuta hizo mbili mngurumo ule hufifia, ukutani na kwenye kona huzidi. Tafuta mahali baina ya katikati na ukuta.

Kama unarekodi taarabu, wapigaji wawahi ili ala zizoee joto la chumba kabla ya kutunwa. Joto likipanda nyuzi za udi hulegea na sauti ikashuka, huku ya nai, ile filimbi, ikipanda, kwa sababu hewa yenye joto hupitisha sauti kwa kasi zaidi. Kodiani haitunwi papo hapo, kwa hiyo wote waifuate hiyo.

Umbali wa maiki upange mapema. Ukiisogeza kutoka sentimita 20 hadi 40, sauti inayotoka kinywani moja kwa moja hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini mwangwi wa chumba unabaki palepale. Ndiyo maana rekodi husikika kama ya bafuni. Ukimbana mwimbaji mno, nazo sauti nzito huvimba.

Kwenye kompyuta, sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani mara ambazo kompyuta hulipima wimbi la sauti, zinatosha: sikio la binadamu hufika mitetemo 20,000 hivi, na kila mtetemo unahitaji zaidi ya sampuli mbili. Kiwango cha sauti kiache chini ya sifuri, ukomo wa juu wa kompyuta, kwa desibeli 10. Waimbaji hujaribu kwa upole, wakishapandwa na mori hupasua kila kitu, na kilichopasuka hakishoneki.

Dakika tano kabla ya kuanza, zima feni na friji. Ufunguo wa mlango uweke ndani ya friji, hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha. Na kama paa ni la mabati, toka nje utazame mawingu.