Kuotesha Utupa Shambani: Kuanzia Mbegu hadi Dawa ya Majani

Utupa ni kichaka cha asili ya Afrika ya kitropiki, cha jamii ya mikunde, ambacho kitaalamu huitwa Tephrosia vogelii. Huchanua maua meupe au ya zambarau, mizizi yake huongeza naitrojeni ardhini, na majani yake huwa na sumu za kundi la rotenoidi zinazoua wadudu. Kwa mkulima wa mahindi na maharage wa Mbozi au Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, kuuotesha si kazi ngumu. Ugumu uko katika kupata mbegu nzuri.

Hatua ya kwanza ni kuujaribu mmea mama. Ipo mimea ya utupa ambayo majani yake hayana rotenoidi kabisa, na ni vigumu kuitambua kwa kuitazama tu, jambo ambalo nadhani ndilo huwafanya wengine waseme kuwa dawa hii haifanyi kazi. Kabla ya kuchukua mbegu kwa jirani, omba majani, yatwange, yaloweke, kisha nyunyizia maharage machache yenye vidukari. Iwapo baada ya siku mbili vidukari bado wamejaa, tafuta mmea mwingine. Maganda yachumwe yakiwa yamekauka lakini kabla hayajapasuka na kutawanya mbegu.

Hatua ya pili, loweka mbegu usiku mmoja kwa sababu ganda lake ni gumu. Mvua za Novemba au Desemba zikishatulia, panda mbegu 2 au 3 kwa kila shimo, kina cha sentimita 2 hivi, na nafasi ya mita 1 kila upande. Epuka mahali panapotuamisha maji, na katika miinuko yenye sakitu, kama Kitulo, usijisumbue.

Hatua ya tatu ni palizi, ambayo haina mjadala: miche hukua polepole mwanzoni na magugu huifunika upesi. Ikishasimama, haihitaji mengi, na mifugo kwa kawaida haiigusi. Hata hivyo, usipande nyanya wala tumbaku mahali ulipong'oa utupa, kwa kuwa utupa huhifadhi minyoo fundo inayoshambulia mizizi ya mazao hayo.

Hatua ya nne, kausha majani kivulini na kuyasaga. Kilo 1 ya unga iloweke usiku kucha katika lita 10 za maji yenye sabuni kidogo, maana sabuni husaidia kutoa rotenoidi ambazo maji matupu huziacha majanini. Chuja vizuri ili bomba lisizibe, na nyunyizia jioni, kwani jua huiharibu sumu hiyo haraka. Vaa glavu na ufunike pua. Maji ya kuoshea bomba yamwagwe mbali na mto au bwawa, kwa kuwa utupa huua samaki, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu.