Kabla hujanunua matone ya mtoto wa jicho

Mtoto wa jicho ni ukungu ndani ya lenzi. Protini zake zimegandana, kama ute wa yai lililochemshwa, na hakuna tone lililothibitishwa kuzigandua. Matone ya N-asetilkanosini huuzwa mtandaoni kwa ahadi hiyo, ila mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, hayakupata ushahidi wa kuridhisha. Lanosteroli, kemikali inayopatikana mwilini, ilipunguza ukungu kwa mbwa katika utafiti wa 2015. Kwa binadamu bado si tiba.

Ukishika chupa, soma viambato. Ukikuta deksamethasoni au prednisoloni, usitie bila daktari: hizo ni steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), na zikitumiwa muda mrefu zenyewe huleta mtoto wa jicho, tena hupandisha presha ya jicho inayoweza kuharibu mshipa wa kuonea, na mshipa huo ukishaharibika haurudi. Asali, mkojo, maji ya majani? Usithubutu. Vinaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho (konea).

Nenda upimwe kila jicho peke yake, na presha pia. Ukungu ukiwa mdogo, miwani mipya na taa angavu zaweza kutosha kwa muda. Lakini usingoje "uive": lenzi ikikomaa sana huwa ngumu kutoa kwa upasuaji.

Matone yana kazi baada ya upasuaji huo, mara nyingi kwa wiki 4 hivi. Nawa mikono, vuta kope la chini, tia tone moja bila ncha kugusa jicho, fumba. Subiri dakika 5 kabla ya dawa ya pili. Maumivu yakizidi au uoni ukififia, rudi hospitali siku hiyohiyo.