Kabla hujabeba begi la kamera kwenda Kilwa, Newala au harusini

Pima begi kwanza. Wengi hawapimi kwa sababu wanaogopa jibu. Panda kwenye mizani mikono mitupu, panda tena ukiwa na begi mgongoni, kisha toa uzito wa kwanza kwenye wa pili. Kama huna mizani nyumbani, nenda duka la nafaka. Na msimu wa korosho ukifika, mizani haiko mbali na kijiji chochote.

Chukua begi la kawaida la mpiga picha wa kazi. Bodi mbili (kamera bila lenzi) za Canon 5D Mark IV, kila moja gramu 890 na betri yake. Lenzi ya 24-70 f/2.8 (milimita za kuvuta picha, na f ni ukubwa wa tundu la mwanga) toleo la pili, gramu 805. Ile nyeupe ya 70-200 f/2.8 toleo la tatu, gramu 1,480. Flashi na betri zake nne, nusu kilo na ushee. Hapo umeshafika kama kilo 4.6. Ongeza stendi ya alumini ya miguu mitatu, kilo 2.5, begi lenyewe likiwa tupu kilo 2, maji lita moja na nusu (maji ni mzigo, yahesabu), na kompyuta mpakato na chaja yake kilo 2.5. Jumla ni kama kilo 13. Mtu mwenye kilo 65 hapo amebeba sehemu ya tano ya mwili wake, na jua la Lindi halijaanza kumchoma. Kwa kazi ya kutwa, mtu huyo asivuke kilo 10. Zikizidi, kitu kibaki gesti au apatikane wa kumsaidia.

Cha kuacha kinategemea picha unayoifuata. Magofu hayakimbii. Matao na nguzo za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani yanataka lenzi pana na muda wa kusubiri mwanga, kwa hiyo 70-200 na bodi ya pili havina kazi kule. Ngoma ya kijijini inataka lenzi ndefu ili ukae nje ya vumbi, lakini mchana kweupe 70-200 f/4 toleo la pili yenye gramu 780 inatosha, nayo ni karibu nusu ya uzito wa ile kubwa. Harusini usiache bodi ya pili hata kidogo, maana bi harusi haingii ukumbini mara mbili. Acha 70-200, beba 85 f/1.8 ya gramu 425. Kompyuta haina sababu ya kutoka chumbani. Beba kadi za kutosha.

Kupanga. Vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa katikati ya begi. Ukiweka bodi na lenzi kubwa kwenye mfuko wa nje, begi linakuvuta nyuma, nawe unainama mbele kulipinga. Jioni utalalamikia kiuno ukidhani ni uzee. Stendi isining'inie upande mmoja. Ifunge katikati nyuma, na kama begi halina sehemu hiyo, upande wa pili weka chupa ya maji ili mizani ikae sawa.

Kuvaa nako kuna mpangilio. Legeza mikanda yote. Inua begi uliweke kwanza juu ya meza, ukuta mfupi au paja lako, usilirushe mgongoni kutoka chini kwa mkono mmoja. Funga mkanda wa kiunoni kwanza, ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ukikaa tumboni haufanyi kazi yoyote. Ndipo ukaze ya mabegani mpaka iguse tu, mwisho wa kifuani. Ukiweza kupitisha vidole viwili kati ya bega na mkanda bila shida, ujue nyonga ndizo zilizobeba.

Kamera yenyewe usiining'inize shingoni kutwa nzima. Tumia mkanda wa kupitisha begani hadi ubavu wa pili, na ubadilishe bega kila saa. Kama mkanda wako unashikwa na skrubu chini ya kamera, ikaze kabla ya kupanda bodaboda na uikaze tena ukishuka. Mtikisiko wa barabara ya vumbi hufungua skrubu hiyo pole pole bila wewe kusikia kitu.

Kwenye bodaboda begi libaki mgongoni mwako. Lisifungwe kwa mpira kwenye keria, kwa sababu kila shimo litaipiga lenzi. Wala usimpe dereva aliweke mbele kwenye tenki, atashindwa kukata kona. Kama kitako cha begi kinagusa keria, kunja kanga mara nne uweke katikati: mabega yanapumzika na mshtuko unapungua.

Sasa maji, na hapa tusimame.

Yote niliyosema kuhusu mkanda wa kiunoni ni ya nchi kavu. Ukikanyaga boti, mkanda huo huo unageuka nanga. Safari ya Songo Mnara, kisiwa cha magofu karibu na Kilwa, inaonyesha vizuri. Unaondoka Kilwa Masoko na kibali chako mkononi, boti inapita katikati ya visiwa, bahari shwari. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji hukupwa sana katikati ya asubuhi, saa ambayo wageni wengi ndio wanafika. Boti haiwezi kusogea hadi nchi kavu. Nahodha anazima mashine, anachomeka upondo, anasema tushukie hapa. Maji ya magoti. Mbele kuna tope na mikoko.

Mpiga picha anashuka akiwa amefunga klipu zote, kilo 13 mgongoni, kandambili miguuni. Hatua ya tatu mguu wa kushoto unazama hadi katikati ya muundi. Anauvuta, kandambili inabaki chini. Mwili umeshatangulia mbele, mguu hauji, na begi linaendelea na safari yake: linapanda kisogoni na kumsukuma kifudifudi. Maji ni ya magoti, lakini uso uko ndani yake na kilo 13 ziko juu. Mkono mmoja unatafuta tope la kujiinulia, nalo halishikiki. Mwingine unatafuta klipu ya kiunoni, ambayo sasa iko chini ya tumbo, imebanwa, imejaa mchanga. Asipokuwepo mtu wa kumshika begi kwa kishikio cha juu na kumnyanyua, hata kina cha magoti kinatosha kummaliza. Akinyanyuliwa salama, bado kamera imekunywa maji ya chumvi.

Kwa hiyo, kabla boti haijaondoka gatini, fungua klipu ya kifuani na ya kiunoni. Vua begi, liweke miguuni, usilifunge kwenye mwili wako wala usilikalie. Nahodha akikwambia, "Kaka, fungua hiyo mikanda," usijibu kwamba umezoea. Muulize mapema maji yanakupwa saa ngapi na yanajaa saa ngapi, ili mfike yakiwa yanajaa. Kushuka, gawa mzigo mara mbili: kamera na lenzi ndani ya mfuko usiopitisha maji au ndoo yenye mfuniko wa kubana, ibebwe kwa mikono, stendi na maji vifuate safari ya pili. Ukilazimika kuvaa begi, livae mabegani tu, klipu zote wazi, mikanda imelegezwa, ili ukianguka ulitupe kwa kutikisa bega. Vaa raba za kamba au viatu vya plastiki vyenye mkanda wa kisigino. Buruta miguu, usirukeruke. Shika bega la mtu wa boti, hakuna aibu.

Kamera ikiloa maji ya bahari, usiiwashe kuangalia kama imepona. Toa betri hapo hapo, toa kadi, pangusa kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Habari ya kuifukia kwenye mchele iachwe. Mchele hautoi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula saketi.

Miteremko. Ukishuka kutoka ukingo wa Newala, pale panapoitwa Shimo la Mungu, mzigo unahamia kwenye magoti. Kaza mikanda zaidi ya unavyokaza tambarare, begi lisiyumbe, na tembea na fimbo au mwanzi. Stendi usiigeuze mkongojo: kufuli za miguu yake zinateleza ukiiegemea, nawe ndiye utakayefika chini kabla yake.

Wa video wana mateso yao. Stabilaiza (mpini wa kutuliza kamera isitikisike) na kamera juu yake ni kilo tatu za kushikwa mbele ya mwili, na mzigo wa mbele unachosha kuliko wa mgongoni. Viwiko viguse mbavu. Piga kipande cha dakika moja, shusha, pumua. Msafara wa harusi ukizunguka mji wa Mtwara, huhitaji kushika stabilaiza muda wote. Ndani ya gari ipumzishe mapajani.

Vidole vikiingia ganzi au mkono ukawa mzito kuinuka, mkanda unabana mishipa ya fahamu karibu na mtulinga. Vua begi papo hapo. Ganzi isipotoka baada ya mapumziko, au mkono ukibaki dhaifu, nenda hospitali, na begi libebwe na mwingine.

Kijana wa kubeba: kubalianeni malipo kabla ya kuondoka, mpe stendi, taa na maji, kamera baki nayo wewe. Naye mpimie mzigo, yeye si punda. Mwambie begi halilazwi mchangani, na halifunguliwi palipo na upepo.

Ukipanda ndege, betri za akiba za lithiamu ziwe kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini, na uulize mapema kiwango cha kilo cha mkononi. Mara nyingi ni 7, na wewe una 13. Kwenye basi, begi likae miguuni, sio buti. Usiliache ndani ya gari lililofungwa juani. Usilale nalo limefungwa likiwa na unyevu. Na ukirudi kutoka baharini, suuza mikanda ya begi kwa maji baridi usiku huo huo, kwa sababu chumvi ikikaukia pale inakwangua ngozi ya bega kama msasa kesho yake.