Somo: Kuzima mchakato wa usuli wa Gradle kwa amri

Kompyuta imekuwa nzito na mradi ulishaufunga zamani? Usikimbilie kuizima na kuiwasha. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2016, Gradle, zana ya kujenga programu, huacha mchakato wa Java (daemon) ukiwa hai ili ujenzi unaofuata uanze haraka. Usipopata kazi, hujizima wenyewe baada ya saa 3. Mpango mzuri, ila kwa mwenye RAM ndogo saa 3 ni nyingi mno.

Hatua ya 1. Fungua terminali, ingia kwenye folda ya mradi, uangalie kilicho hai:

./gradlew --status

Safu ya PID ni namba ya mchakato. IDLE ni kwamba umekaa tu, BUSY unajenga. Huo uache umalize.

Hatua ya 2. Zima:

./gradlew --stop

Kwenye Windows ni gradlew.bat --stop.

Hapa ndipo wengi hukwama. Amri hizi mbili zinashughulika na toleo lile lile la Gradle linalotumiwa na mradi ulioingia. Kama mradi mmoja uko 7.6 na mwingine 8.5, ukiwa kwenye wa kwanza huwezi kuuzima mchakato wa ule mwingine, wala huuoni. Ingia kila folda urudie.

Hatua ya 3. Ukigoma, andika jps, amri inayokuja na JDK (kifurushi cha zana za Java). Tafuta mstari wa GradleDaemon, chukua namba yake, kisha kill na namba hiyo. Windows ni taskkill /F /PID na namba. Tafadhali msianze na kill -9, maana inaukata mchakato bila kuupa nafasi ya kufunga faili zake.

Maswali ya wanachama

– Mkuu, nikizima nitapoteza kodi (code) yangu?
Hapana. Ujenzi unaofuata tu utachelewa kuanza.

– Nimetumia --no-daemon lakini mchakato bado unatokea.
Angalia org.gradle.jvmargs. Mipangilio hiyo isipolingana na ya Java iliyoanzisha amri, Gradle inalazimika kuanzisha mchakato mwingine, ila huo hufa ujenzi ukiisha.

– Mimi jps inaonyesha KotlinCompileDaemon.
Huo ni wa kikusanyaji (compiler) cha lugha ya Kotlin, si wa Gradle. Uzime kwa namba yake.

– Naweza kupunguza zile saa 3?
Ndiyo. Kwenye faili la gradle.properties weka org.gradle.daemon.idletimeout=600000. Hizo ni milisekunde, sawa na dakika 10.