Kabla ya kujaribu mbolea mpya, rusha sarafu

Unataka kujua kama samadi ya mbuzi inaizidi mbolea ya dukani? Usiweke moja upande wa juu wa shamba lenye mteremko na nyingine upande wa chini. Mvua huteremsha udongo mzuri, kwa hiyo mahindi ya chini yatanawiri hata ungeyamwagia majivu, halafu utaisifu mbolea isiyostahili.

Kata shamba kwa mikanda inayokingama mteremko, kila mkanda uwe na vipande viwili sawa. Rusha sarafu mkanda kwa mkanda: ikitokea kichwa, kipande cha kushoto kinapata samadi. Usichague kwa macho; macho yana upendeleo wake. (Mwanatakwimu Ronald Fisher aliyapigania haya katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920, naye alikuwa akihangaika na mashamba vilevile.) Mbegu, siku ya kupanda na palizi ziwe zilezile.

Wakati wa kuvuna, iache mistari ya pembeni, pima kilo, kisha linganisha ndani ya mkanda mmoja mmoja. Mikanda 2 haitoshi. Ukiwa na mikanda 6 na samadi ikashinda kwenye yote, bahati tupu ingeipa ushindi huo mara 1 tu kati ya 64.